Kwa Felista, habari za somo wako

Tabora, 20 Februari

Mpendwa Felista,

Tumsifu Yesu Kristo! Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama umeshaanza kupanga vitu vya kwenda navyo hospitali.

Umeniandikia kwamba habari za somo wako, Mtakatifu Felisita, huzijui, ila unasikia tu akitajwa nyuma ya mfiadini mwenzake, Mtakatifu Perpetua. Hilo limenigusa, nikaona nikuandikie kabla ya sikukuu yao, tarehe 7 Machi.

Waliuawa Karthago, jirani na mji wa Tunis wa leo, mwaka 203. Perpetua alikuwa binti wa ukoo wenye cheo, miaka kama 22, ana mtoto anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa. Walikamatwa pamoja na vijana wenzao wangali wakatekumeni, yaani wakijiandaa kubatizwa, na mwalimu wao Saturo akajitoa mwenyewe ili awe pamoja nao. Perpetua aliandika kwa mkono wake mambo ya gerezani: giza, joto, baba yake mzee akimbusu mikono na kumsihi aikane imani. Ndiyo maana anajulikana zaidi. Ya Felisita tumeyapata kwa mtu mwingine aliyemalizia simulizi, na mimi nikifika hapo husoma polepole.

Alikuwa na mimba ya miezi minane. Sheria ilikataza mjamzito kuuawa, naye akahuzunika kwamba wenzake watamtangulia, kisha yeye aje afe baadaye katikati ya wahalifu. Wenzake nao hawakutaka kumwacha njiani. Wakamwombea, na uchungu ukamshika saa ile ile. Alipokuwa akilia, mlinzi mmoja akamkejeli: kama unalia hivi, utafanyaje ukitupiwa wanyama? Akamjibu kwamba sasa anateseka yeye mwenyewe, lakini kule atakuwamo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye anateseka kwa ajili ya huyo. Akajifungua mtoto wa kike, na dada mmoja wa imani akamlea kama mwanawe.

Siku ya michezo ya uwanjani ya kuwatupia watu wanyama, iliyoandaliwa kwa ajili ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa kaisari, wanawake hawa wawili walivuliwa nguo wakavikwa nyavu. Umati uliokuja kutazama damu ukashtuka kuona mmoja ni binti mdogo, na mwingine maziwa yanamdondoka kifuani. Wakarudishwa wavae kanzu. Kisha ng'ombe jike mkali akawarusha. Perpetua alipoinuka alimwona Felisita yuko chini, akamwendea, akampa mkono, akamnyanyua, wakasimama bega kwa bega. Bibi wa ukoo mkubwa na mtumwa, mbele ya mji mzima! Felista, mimi hapo ndipo ninapowaona watakatifu, kabla hata upanga haujawafikia.

Karthago haikuwasahau. Mtakatifu Augustino alihubiri katika sikukuu yao, na simulizi yao ilikuwa ikisomwa kanisani. Tena mwaka 1907 Padre Delattre, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alichimbua katika magofu ya basilika moja ya huko jiwe lililoandikwa majina yao. Shirika hilohilo la mapadre ndilo lililoleta Injili huku kwetu Tabora, kwa hiyo usimwone somo wako kuwa mgeni wa mbali.

Na siku padre akisali Sala ya Ekaristi ya Kwanza katika Misa, tega sikio anapofika kwenye majina ya wafiadini wanawake. Felisita hutajwa kwanza, ndipo Perpetua.

Naomba tarehe 7 muisome simulizi yote katika jumuiya yenu ndogo ndogo. Si ndefu, na inafaa kusomwa kwa sauti. Wewe ukiwa umechoka, mwachie mwingine asome, ukae usikilize. Mtoto akizaliwa nipigie simu hata kama ni usiku wa manane.

Nakuombea kwa somo wako kila jioni.

Rafiki yako,
Anastazia