Muuzaji aandike jina kamili la kila kifaa, "Core i7" peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni muda sasa, nalo ni hii biashara ya kompyuta za gemu, zile za mezani, zinazotangazwa kila mahali hadi kwenye matangazo madogo ya magazeti kwa maneno matatu tu, "Core i7, RAM 16, gaming". Basi, limeisha. Mtu mwenye hela ya kuunga unga anasoma hapo anaona amepata mali, kumbe hajaambiwa kitu.

Mdogo wangu alidunduliza muda mrefu sana mpaka akanunua moja ya hizo. Ilikuja na keisi ya kioo, feni nne zinawaka rangi zote, anafurahi huyo, siku ya kwanza tu gemu aliyoisubiri mwaka mzima inagandaganda kila anapogeuza kona. Nikafungua ubavu, nikaangalia kifaa kimoja kimoja, nikakuta prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i7-2600. Hiyo ni ya mwaka 2011 jamani. Ni i7 kweli, neno lililoandikwa kwenye tangazo sio uongo, ila ina viini 4 (sehemu zinazofanya kazi ndani yake) na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), idadi ileile iliyopo kwenye Core i3-12100F ya 2022, na hiyo i3 inaiacha mbali mno kwa sababu kila kiini chake kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa muda uleule. Alafu kuna gemu mpya kadhaa ambazo kwenye 2600 hazifunguki kabisa, zinataka maagizo ya AVX2, yaani amri za hesabu zilizojengwa ndani ya prosesa, ambayo Intel, kampuni inayotengeneza hizo Core, ilianza kuyaweka kwenye kizazi cha nne mwaka 2013. Windows 11 nayo kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ya kawaida msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukinunua mashine ya hivo leo unaanza safari na gari lisilo na spea.

Namba ndo yenye habari, sio hiyo i3, i5 wala i7. Kwa prosesa hizo za Intel ukiona tarakimu nne baada ya kistari, ya kwanza ndo kizazi, 2600 ni cha pili, 8400 ni cha nane, ukiona tano basi mbili za mwanzo, 12400 ni cha kumi na mbili. Na herufi ya mwisho usiipuuze, F maana yake haina grafiki ya ndani, bila kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha, hupati picha hata ya kuwashia. Upande wa AMD, kampuni inayoshindana na Intel, napo kuna mitego yake, mfano Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600, mtu anaona zimepishana mia tu, zote viini 6 nyuzi 12, kumbe ya kwanza ina keshi ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 16 na PCIe 3.0 (njia ya data ya kwenda kwenye kadi, namba kubwa ndo ya haraka zaidi) na ya pili ina MB 32 na PCIe 4.0, na kwenye gemu hiyo keshi inaonekana kwa macho.

Sasa kwenye kadi ya grafiki ndo nimekasirika zaidi, na ndo sehemu ambayo mwenye bajeti ndogo anatakiwa awe mkali kuliko pote maana hapa ndipo hela nyingi inapotakiwa kwenda, mimi kwa mashine ya gemu naona theluthi moja mpaka karibu nusu ya hela yote iende hapa, vingine vyote vijipange nyuma yake. Ile ya mdogo wangu ilikuwa imeandikwa GT 1030. Hata ungesema ni kadi ndogo ila sawa, kuna GT 1030 mbili, ya 2017 yenye memori ya GDDR5 na ya 2018 yenye DDR4 ya kawaida, jina lilelile, na ya DDR4 inapitisha data kama GB 16.8 tu kwa sekunde wakati mwenzake anapitisha GB 48, karibu mara tatu. Ya kwetu ilikuwa hiyo ya DDR4. Na sio hiyo peke yake, GTX 1060 ya GB 3 sio ile ya GB 6 iliyopunguzwa memori tu, hata viini vya ndani vimepungua, 1152 badala ya 1280. Muuzaji akiandika "GTX 1060" akanyamaza, hajakwambia unanunua nini.

Afu kuna wale wanaouza kadi feki kabisa, wanachukua kadi ya zamani wanaiandikia programu ya ndani upya ili kompyuta iisome kama GTX 1050 Ti. Kwa hilo kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, kwa kadi nyingi za NVIDIA, kampuni ya hizo GT na GTX, zilizochezewa hivo inaweka neno FAKE mbele ya jina. Nenda nayo kwenye flashi. Kama unanunua kilichotumika, na mimi nawashauri wenye bajeti ndogo wasiogope vilivyotumika hasa kadi, omba iwashwe mbele yako, weka gemu nzito dakika 20 au zaidi, sikiliza feni, angalia joto, angalia kama kuna vidoti au mistari kwenye skrini. Watu wanaogopa sana kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni, nyingi ziliingia sokoni baada ya Ethereum, moja ya sarafu hizo, kuacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, lakini kadi iliyochimba ikasafishwa na kubadilishwa pasta ya joto inaweza kuwa nzima kuliko iliyokaa miaka kwenye keisi isiyo na hewa. Mwenye kukataa isijaribiwe ndo wa kumuogopa.

Na kadi uichague kwa monita uliyonayo, hili watu wanalisahau. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vidoti milioni 2 na kidogo, ya 1440p ina milioni 3.7, ya 4K inazidi milioni 8, na kadi inavichora vyote kila fremu. Kama una monita ya 1080p ya 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, na huna mpango wa kuibadilisha, kadi ya AMD RX 6600 ya GB 8 inakutosha kwa gemu nyingi, ukipata RTX 3060 ya NVIDIA iwe ile ya GB 12, na hapo tena mwambie aandike 12 kwa sababu kuna ya GB 8 yenye jina hilohilo na njia ya memori nyembamba zaidi. RX 6500 XT mimi ningeiruka hata ikiwa bei ya kuvutia, GB 4 na njia 4 tu za PCIe, ukiiweka kwenye mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya zamani ya PCIe 3.0 inakabwa zaidi, ukiioanisha na ile 5500 niliyoisema unapata tatizo hilohilo hata mazabodi ikiwa mpya.

Asiye na hela ya kadi kabisa kwa sasa bado ana njia, achukue Ryzen 5 5600G yenye grafiki ya ndani inayocheza gemu nyepesi, kadi aje aiongeze baadae. Ila huyo ndo asithubutu kuweka kipande kimoja cha RAM, yaani memori ya kazi ya kompyuta, maana grafiki ya ndani inakopa memori hiyohiyo.

Nikifika hapo kwenye RAM, "RAM 16" ya kwenye tangazo inaweza kuwa kipande kimoja cha GB 16. Vipande viwili vya GB 8 vinafungua njia mbili za kupitisha data kwa wakati mmoja, kwa bei ambayo mara nyingi inakaribiana. Viwekwe kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, mazabodi nyingi ndo zinavotaka, na baada ya hapo uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake, bila hivo RAM uliyonunua kama 3200 inaweza kubaki inatembea 2133 au 2400 miaka yote na wewe hujui. Hili halihitaji hata senti.

Sasa pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme kwa vyote. Hapa naomba ndugu msomaji usome taratibu. Ile ya mdogo wangu ilikuwa na stika kubwa "600W", haina jina la kampuni ninayoijua, nyepesi mkononi kama boksi tupu. Kwenye kibandiko cha pembeni, kile chenye jedwali ambacho hakuna anayekisoma, mstari wa +12V umeandikwa ampia 25. Zidisha 25 kwa 12, unapata wati 300. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani walaji wakubwa wote, wanakula kwenye huo mstari wa 12, kwa hiyo hizo 600 za stika ni za kujumlisha mistari mingine isiyotumika sana au ni za kuandika tu. Tungeweka kadi ya maana pale siku moja ingezima katikati ya gemu, na kuzima ndo bahati nzuri, mbaya ni ikifa na vifaa vingine. Na hata ukiona 80 Plus Bronze au Gold, ujue hiyo ni alama ya umeme mdogo kupotea kama joto, haikwambii kama ina kinga za kujizima ikizidiwa au kama ndani wameunga vizuri. Ndo maana nasema jina kamili, kampuni na modeli, ukishakuwa navyo unatafuta majaribio ya waliowahi kuifungua na kuipima. Wati 500 au 550 za ukweli zinamtosha kabisa mtu wa RX 6600, kadi yenyewe inakula kama 132. Bora upunguze taa, upunguze hata keisi, pawasaplai usipunguze.

SSD, diski ya kuhifadhia isiyozunguka, sina maneno mengi, iwepo tu, GB 500 kwa kuanzia. Ya SATA, aina ya zamani ya kuunganisha, inafika kama MB 550 kwa sekunde, ya NVMe, aina mpya, ya kizazi cha tatu inafika 3500, lakini kwenye kufungua gemu nyingi tofauti yao ni ndogo kuliko hizo namba, kuruka kwa kweli ni kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote.

Watu wananiuliza AM4 au AM5, yaani soketi za mazabodi zinazokaa prosesa za AMD, hizo Ryzen 5500 na 5600 nilizozitaja ni za AM4. AM5 ilitoka 2022, inataka RAM ya DDR5 tu, na AMD wamesema wataiendeleza mpaka 2027 na kuendelea, kwa hiyo ni nzuri kwa mtu anayeweza kulipa zaidi leo ili baadae abadilishe prosesa tu. Ila kama hela ndo hiyohiyo na ukienda AM5 unalazimika kushuka daraja la kadi ya grafiki, mimi nabaki AM4 bila kusita, gemu unacheza leo. Na ukinunua mazabodi ya AM4 iliyotumika kama B450, ulizia toleo la BIOS, ile ya zamani haiitambui 5600 mpaka isasishwe kwanza, watu wamerudisha prosesa nzima wakidhani mbovu.

Tulichofanya sisi, keisi na feni tulibaki nazo, mazabodi na ile i7 tukaziuza na tukamwandikia mnunuzi kila kitu, 2600, mwaka 2011, anaitaka kwa kazi za ofisi na akaichukua akijua. Tukaanza na pawasaplai ya wati 550, mazabodi ya B550, Ryzen 5 5600 ambayo boksi lake linakuja na feni yake, RAM vipande viwili vya 8. Hela ikaishia hapo. Na kwa kuwa 5600 haina grafiki ya ndani, ile GT 1030 tuliyoilaani ndo ikatuonyesha picha kwa miezi kadhaa huku mdogo wangu anacheza gemu za zamani anakusanya tena, mpaka akapata RX 6600 iliyotumika na tukaijaribu pale pale kwa muuzaji. Siku ile aliniita chumbani niangalie tu anavogeuza kona.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kabla hamjachapisha tangazo la kompyuta, mtakeni mtangazaji aandike hivi: prosesa na namba yake yote mpaka herufi ya mwisho, kadi ya grafiki na memori yake, RAM vipande vingapi vya ngapi, SSD ya aina gani, pawasaplai ya kampuni na modeli gani. "Ryzen 5 5600, B550, RX 6600 GB 8, RAM 8 mara 2 DDR4 3200, NVMe GB 500", na pawasaplai kwa jina lake. Haizidi mistari miwili mitatu ya gazeti. Anayeuza kitu kizuri atafurahi kuiandika, na anayekataa kuiandika hela yake ya tangazo mrudishieni.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.