Sarafu ya fedha yenye kosa: umeula au umeliwa?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hizi sarafu za fedha za wakia moja ambazo watu wananunua kuweka akiba (nasema fedha ile madini, maana Kiswahili kimetupa neno moja la madini na la hela, na hapo ndo mkanganyiko unapoanzia). Msomaji mmoja aliandika humu kwamba ukiokota yenye kosa la kiwandani basi umeula. Mi nimekusanya sarafu hizi miaka kadhaa sasa na namwambia taratibu tu, mara nyingi hujaula, umeliwa.

Mimi mwenyewe nililiwa. Niliuziwa Maple Leaf ya Kanada ina madoa meupe kama matone ya maziwa, muuzaji kaapa kwamba ni kosa la mtambo na ziko chache mno, nikampa cha juu bila kubisha. Kumbe madoa hayo yamejaa kwenye Maple Leaf za miaka mingi, yanajitokeza yenyewe hata sarafu ikiwa imekaa kwenye kasha lake haijaguswa, na kero ilikuwa kubwa hadi Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha Kanada, wakaleta teknolojia ya kuyazuia mwaka 2018. Mnunuzi akiona doa hilo anashusha bei, hapandishi.

Halafu kuna makosa ambayo wala sio makosa. Chukua Silver Eagle ya Marekani, igeuze kama unavyofungua kitabu, utakuta mgongo umesimama kichwa chini. Mtu aliyezoea Britannia ya Uingereza au hiyo Maple Leaf anaruka juu kwamba muhuri (kile chuma chenye picha kinachochapa sarafu) ulizunguka, wakati Wamarekani ndivyo wanavyochapa sarafu zao siku zote. Au ile Silver Eagle ya mchoro mpya iliyoanza katikati ya 2021, ukingoni kwenye ile mistari kuna sehemu mstari unakosekana, na watu wanaishangilia kweli kweli. Waliiweka makusudi, ni alama ya usalama ili kuwasumbua wanaoghushi!

Sasa kosa la kweli ni lipi? Kisahani cha fedha kisichochapwa bado kinawekwa ndani ya pete, mihuri miwili inakibana kwa nguvu juu na chini, basi. Kosa la kweli limetokea kwenye muhuri au sekunde ileile ya kubanwa: muhuri una ufa ukaacha kamstari kameinuka juu ya sarafu, grisi imejaa kwenye herufi ikatoka imefifia, kisahani kimekaa upande picha ikatoka nusu, au imegongwa mara mbili. Mikwaruzo, kubonyea, rangi kubadilika, hayo ni ya safarini na mikononi mwa watu, hayahesabiki. Na hata kwenye haya ya kweli, ufa mdogo au grisi kidogo hauna maana sana kwenye sarafu za akiba, kwa sababu zinachapwa kwa wingi na haraka, hazikaguliwi moja moja kama zile za maonyesho, kwa hiyo vikasoro vidogo ni vya kawaida kabisa.

Zinazobeba bei ni zile ambazo kiwanda kilichanganya mihuri. Mwaka 2014 Royal Mint ya Uingereza walibadilishana bila kujua upande wa Malkia kati ya Britannia na sarafu ya Mwaka wa Farasi (wa kalenda ya Kichina), ya Britannia ina vijino vidogo kuzunguka ukingo na ya Farasi haina, kwa hiyo ukikuta Britannia ya mwaka huo haina vijino unayo chotara mkononi. Marekani nao 2008 walichapa Silver Eagle za wakusanyaji zenye alama ya W (kiwanda cha West Point) kwa muhuri wa mgongo wa 2007, kama 47,000 hivi, tofauti yenyewe ni kamkia ka herufi U kwenye UNITED, ya 2007 haina. Hizo zina jina, zina soko, na PCGS na NGC, kampuni za Marekani zinazokagua na kupanga madaraja ya sarafu, wanazitambua kwenye vibandiko vyao.

Nyingine zote unategemea upate mtu mmoja anayeipenda kama wewe, na fedha ikishuka bei huyo mtu humuoni. Kwa hiyo mi sinunui kosa. Nikilikuta kwenye sarafu niliyoinunua kwa bei ya kawaida naliweka pembeni kwa furaha kabisa, maana sijapoteza kitu na wakia yangu ipo palepale.

Na jamani pimeni! Silver Eagle ina gramu 31.1 na upana wa milimita 40.6, fedha hainasi kwenye sumaku. Sarafu feki mara nyingi maandishi yake yamekaa vibaya, na muuzaji mjanja anakuuzia ubovu huohuo kwa jina la kosa la kiwandani, yaani unalipia zaidi kwa sababu ni feki.

Huyo msomaji mwenzangu namuomba aangalie ya kwake kwa lenzi kabla hajaitangaza. Maple Leaf yangu bado ninayo, madoa yameongezeka mawili.

Mkusanyaji aliyeliwa