Malalamiko: Tulikodi piano, mkatuletea kinanda

Kamati ya Maandalizi ya Onyesho,
Malindi.

Kwa Meneja,
Idara ya Kukodisha Ala za Muziki,
Mombasa.

KUH: PIANO TULIYOLIPIA NA AMBAYO HAIKUFIKA MALINDI

Bwana Meneja,

Nakuandikia kwa niaba ya kamati iliyoandaa hapa Malindi onyesho la vijana wawili, mwimbaji na mpiga piano wake, la nyimbo za kisanii za Kijerumani. Mkataba uliotiwa sahihi na ofisi yako unataja piano kubwa ya kulala, ya nyuzi na nyundo, yenye vitufe 88, ifike Alhamisi, na fundi wa kuitia tuni aje Jumamosi asubuhi. Nusu ya pesa tuliwalipa mapema. Nusu ya pili mliidai kabla gari halijatoka, tukaituma.

Kilichoshushwa kwenye pikapu yenu Jumamosi alasiri ni kinanda cha umeme cha vitufe 61, standi ya miguu ya mkasi na waya mmoja wa stima. Pedali hakuna. Fundi hakuna. Karatasi ya kupokelea mzigo ilikuwa imeandikwa "piano 1". Nilikataa kuitia sahihi mpaka nilipoandika chini yake, kwa mkono wangu, kile hasa kilicholetwa. Nakala mnayo.

Nilipopiga simu, kijana wa ofisini alinijibu kwamba piano ni piano, na kwamba hicho tulicholetewa ni bora zaidi kwa sababu kina milio ya kila ala, hata filimbi na ngoma. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua ndefu, kwa hiyo nivumilie.

Katika nyimbo hizi piano haiko pale kumjazia mwimbaji nafasi. Nusu ya habari inasimuliwa nayo. Onyesho lilifunguliwa kwa wimbo "Erlkönig", ambao mtunzi Franz Schubert aliutunga mwaka 1815, akiwa na miaka 18, kwa shairi la Goethe, mshairi wa Kijerumani. Baba amempakata mwanawe mgonjwa juu ya farasi usiku, na mtoto anasikia jitu ambalo baba halioni likimwita. Mwimbaji ni mmoja, lakini anasema kwa sauti nne: ya msimulizi, ya baba, ya mtoto na ya jitu lenyewe. Farasi sasa ni nani? Ni mkono wa kulia wa mpiga piano, unaogonga noti ileile tatu tatu kwa kasi, karibu wimbo mzima, mpaka misuli inawaka moto.

Kazi hiyo inataka kitufe kinachoweza kugongwa tena kabla hakijapanda chote. Mtambo wa nyundo unaowezesha hilo, kampuni ya piano ya Érard iliupatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1821, mwaka uleule "Erlkönig" ulipochapishwa, na asili ya mtambo ulio ndani ya piano za kulala za leo ni huo. Ndiyo maana hatukuandika "piano" tu kwenye mkataba. Vitufe vya kinanda chenu ni plastiki juu ya springi. Vikigongwa kwa kasi ile, noti nyingine zinatoka na nyingine hazitoki. Farasi akawa anachechemea, na mwimbaji akalazimika kupunguza mwendo katikati ya maneno ya mtoto, mahali ambapo hofu inatakiwa kupanda.

Kisha zikaja nyimbo 16 za "Dichterliebe", za Robert Schumann, za mwaka 1840. Katika wimbo wa mwisho mwimbaji ananyamaza, na piano inaendelea peke yake kumalizia yale ambayo yeye hakuyasema. Hapo bila pedali hakuna muziki, noti zinakatika moja moja. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Niliona kiatu cha yule kijana kikipapasa sakafuni, kikirudi, kikipapasa tena, kutafuta kitu ambacho hamkukileta. Standi ikayumba, mkono wake ukagusa kibonyezo cha midundo, na ngoma za rumba zikaanza. Watu wakacheka, na wapo waliodhani ndivyo ilivyotungwa. Kijana akazizima na kupiga hadi noti ya mwisho. Yeye namvulia kofia.

Sikidharau kinanda, isieleweke hivyo. Kwenye taarabu ya pwani hii kina heshima yake, na ukumbini walikuwamo wazee waliokipiga harusini tangu ujana wao. Mmoja wao ndiye wa kwanza aliyeniuliza, "Mwalimu, piano yenyewe i wapi?"

Barua pepe yenu ya Jumatatu inasema upepo wa bahari wa Malindi ungeiharibu piano. Unyevu tunaujua. Ubao wa sauti hunywa maji ya hewani ukavimba, nyuzi zikavutika na tuni ikapotea, na chuma hushika kutu. Ndiyo sababu tulitaka piano ifike Alhamisi, izoee hewa ya ukumbi, kisha fundi aishughulikie. Isitoshe, ghala lenu liko Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka hapa, na bahari ni hiyohiyo. Kama piano haikuwapo, mngesema kabla ya kudai nusu ya pili, nasi tungeahirisha au tungetafuta kwingine. Mmetuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tunadai mturudishie pesa zote za kukodi na za usafiri, na mlipe kodi ya ukumbi ya siku moja ili vijana hawa warudie onyesho kwa piano ya kukodi kwingine. Pia muwaandikie wao wawili barua ya kuomba radhi, si kwa kamati, kwa sababu waliosimama mbele za watu ni wao. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na ipo pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutapeleka mkataba na ile karatasi ya mzigo kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Deni lenu haliukaribii ukomo wake wa shilingi milioni 1, kwa hiyo hatutahitaji kwenda kwingine.

Kinanda chenu tumekifunika, kiko stoo ya ukumbi. Mtu wenu aje kukichukua saa za kazi, aje na kitambulisho, na atie sahihi kwamba mguu mmoja wa standi ulikuja ukiwa umepinda.

Wako,
Katibu wa Kamati.