Bangi: tuijadili bila kuchekana

Mhariri, tangu mgombea urais Wajackoyah azunguke nchi 2022 akisema bangi italipa madeni ya Kenya, hii mada imekuwa ya kuchekesha watu tu na mimi naona kuna neno la maana humo ndani. Sheria yetu ni ya 1994 na anayeumia ni kijana wa bodaboda mwenye misokoto miwili mfukoni, anapapaswa na polisi usiku, akiwa na kitu kidogo anaachiliwa, akikosa analala seli, wenye kusafirisha magunia wala huwasikii.

Lesotho walitoa leseni ya bangi ya dawa 2017, Malawi wakapitisha sheria yao 2020, lakini tusidanganyane, leseni ni ghali, mkulima wa robo ekari ataishia kuwa kibarua wa tajiri.

Alafu kuna watoto. Mmoja mtaani kwetu alianza kuvuta akiwa kidato cha pili, saa hii anaongea na ukuta, mamake anamfungia ndani, sasa matibabu nani atalipa? Mimi nasema mtu asifungwe kwa msokoto wake, hiyo naunga mkono kabisa, ila kuuziwa dukani kama sigara bado, kwanza kila kaunti iwe na wodi ya waraibu.

Msomaji wenu, Nakuru