Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mafundi wa Silinda Hedi

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya kuset tapeti (kurekebisha nafasi ndogo inayoachwa juu ya shina la valvu), ukaguzi wa vifaa na uandikishaji wa chipukizi vilifanyika kama mlivyoona. Muhtasari upo kwa katibu.

Nije kwenye jambo lililozua maneno: kamati kutumia akiba ya chama kununua mashine ya kukata viti vya valvu (sehemu za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ambapo valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi hukaa zikifunga) na daili geji (saa ya kupimia kupotoka), badala ya kugawana fedha. Imesemwa mwenyekiti amejinunulia kitu cha kuchezea. Imesemwa pia kuwa pesti (dawa ya chengachenga) na kijiti cha kusagia valvu kwa mkono viliwatosha waliotufundisha. Nimenyamaza vya kutosha, leo najibu.

Pesti huacha mduara wa kijivu unaopendeza, lakini hainyooshi kiti kilichokwenda upande. Valvu huongozwa na gaidi, bomba fupi ambamo shina lake hupita. Kiti na gaidi visipokuwa na kitovu kimoja, valvu hupinda kidogo kila inapofunga, na mwisho hukatika. Ndiyo maana nilisisitiza (kumbukumbu za kikao zinaonyesha ni mimi) gaidi zipimwe kwanza ndipo kiti kikatwe: nyuzi 45 mahali pa kufungia, 30 upande wa chemba ya kuwakia mafuta, 60 upande wa ndani, upana wa mguso milimita 1 hadi 1.5 kwa valvu ya kuingiza na zaidi kidogo kwa ya moshi, kupotoka kwa kiti kutoka kitovu cha gaidi kusizidi milimita 0.05. Mguso mwembamba mno hunyima joto njia ya kutoka. Mpana mno hukusanya masizi, na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja.

Wapo wanaodai kazi ni nyingi, hakuna muda wa kupima. Kiti kikishakatwa valvu huzama, shina hupanda, nafasi ya tapeti hupungua. Usiporudi na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi hiyo), valvu ya moshi haikai sawasawa kwenye kiti ikapoa, nayo huungua. Tapeti iliyolegea hugonga, mwenye gari ataileta mwenyewe. Iliyobana haisemi kitu. Wanaoset kwa sikio wanajijua.

Sasa ajabu ni hii: wapinzani wakubwa wa mashine hawakuwapo siku ilipopitishwa. Akidi ilipatikana kwa kusubiri wawili watatu waliochelewa. Katiba haimtaki mwenyekiti awafuate watu majumbani kuwaomba maoni. Ada nayo, zaidi ya nusu yenu hamjalipa, na mhazini amechoka kupiga simu zisizopokelewa. Hao hao ndio wa kwanza kwenye foleni ya mashine, tena wanalalamika foleni ni ndefu! Kamati imeelekeza asiyelipa asubiri waliolipa wamalize.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia mashine ya kusawazisha uso wa hedi, na pengine darasa la kudumu. Itategemea mfuko.

Hesabu ziko kwa mhazini. Mwenye swali kuhusu ununuzi aniulize mimi, si vijiweni.

Mwenyekiti