Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vipokezi vya Seli na Pande Mbili za Ubongo

Ndugu wanachama,

Kwa heshima ninawasilisha taarifa ya mwaka ambao, kwa uamuzi wa mkutano mkuu uliopita, tuliutumia kusoma jambo moja: jinsi protini zilizo kwenye uso wa seli za neva zinavyoutofautisha upande wa kushoto wa ubongo na ule wa kulia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Tofauti ya pande hizo imejulikana tangu karne ya 19, pale daktari Broca wa Ufaransa alipoonyesha kwamba wagonjwa wake waliopoteza usemi walikuwa wameumia, kwa kawaida, nusu ya kushoto. Ila hilo halielezi tofauti inajengwaje. Kwa hiyo tulijikita katika kazi ya Isao Ito na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, ambao mwaka 2003 walieleza kwamba katika hipokampasi ya panya, sehemu inayohusika na kumbukumbu, kijenzi kiitwacho NR2B cha kipokezi cha NMDA, yaani protini ya uso wa seli inayopokea ujumbe wa kemikali, hakikugawanywa sawasawa kati ya sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, za pande mbili. Utafiti mwingine wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba sinapsi zinazopokea nyuzi za neva kutoka kushoto ni ndogo na zina NR2B kwa wingi, ilhali zinazopokea nyuzi kutoka kulia ni kubwa zaidi. Cha msingi ni ujumbe umetoka upande gani, wala si seli inayoupokea iko wapi. Jambo hili lilituchukua vikao viwili kulielewa, na sioni kwamba muda huo ulipotea.

Mjadala mzito zaidi ulihusu kinga ya mwili. Protini za MHC za daraja la kwanza tulizijua kama alama zinazoiwezesha kinga kutambua seli zilizoshambuliwa na virusi. Kumbe zimo pia kwenye seli za neva, na panya wasio na beta-2-maikroglobulini, protini ambayo bila hiyo nyingi ya protini hizo hazifiki kwenye uso wa seli, hukosa kabisa tofauti ya pande katika hipokampasi. Mwaka 2017 kundi hilohilo la Japani likaonyesha kwamba panya wasio na PirB, kipokezi kinachoshikana na protini za MHC, wana kasoro ileile. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote tuliousoma, kwa kuwa kuondoa alama na kuondoa mpokeaji wake kumeleta matokeo yaleyale.

Tulisoma pia habari za panya wa aina ya iv, wenye kasoro ya kurithi, ambao takriban nusu yao huzaliwa moyo ukiwa upande wa kulia. Hipokampasi zao zote mbili zina umbo la kulia, popote moyo ulipo, na majaribio ya mwaka 2010 yaliwakuta na udhaifu wa kujifunza mahali.

Matokeo haya ni ya panya. Kwa sababu hiyo, kamati inawaomba wanachama walio walimu waache kuwaambia wanafunzi kwamba mtu wa hesabu hutumia ubongo wa kushoto na msanii ule wa kulia, maana hakuna lolote tulilosoma linalounga mkono dai hilo.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tusome kuhusu samaki zebra, ambao kipokezi kiitwacho nyuropilini huongoza nyuzi za habenula (sehemu ndogo ya ubongo iliyo pande zote mbili) ya kushoto. Pendekezo hilo litapigiwa kura leo, mara baada ya taarifa ya mweka hazina.