Wajumbe wa bodi: ya kukamilisha kabla ya 15 Mei

Habari zenu ndugu. Mwaka wetu wa hesabu uliisha 31 Desemba, kwa hiyo Fomu 990-N, taarifa yetu ya kila mwaka, ifike IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kabla ya 15 Mei. Ni ya mashirika ambayo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000, hujazwa mtandaoni, bila malipo. Ni fupi mno, ndiyo maana husahaulika. Ikikosekana miaka 3 mfululizo, hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato, hufutwa moja kwa moja.

Mhazini, kila aliyechangia dola 250 au zaidi kwa mkupuo apate barua yenye kiasi alichotoa, ikisema pia kama alipewa kitu badala yake au la.

La mnada wetu wa michoro ndilo linaloumiza wasanii wetu Weusi. Mchoraji akitupa mchoro wake mwenyewe, sheria ya kodi ya Marekani humruhusu kukata kwenye mapato yake yanayotozwa kodi gharama ya vifaa tu: turubai, rangi, fremu. Bei ya soko haihesabiwi. Tajiri aliyeununua, akiutoa zawadi kwa makumbusho baadaye, anaweza kudai thamani ya soko. Kwa hiyo tafadhali tusiwaombe kazi bure. Napendekeza tugawane mauzo nusu kwa nusu, na makubaliano yasainiwe kabla mchoro haujatoka studio. Maelewano ya mdomo huleta ugomvi mchoro usipouzwa au ukikwaruzwa njiani.

Ruzuku: mjumbe ambaye yeye au jamaa yake ameomba aseme mapema, atoke wakati wa kura, na katibu aliandike hilo kwenye muhtasari.